Wakuu, ni kweli Mzee Kawawa aliwahi kuwa stelingi wa sinema enzi za mkoloni?

Kijiwe_Nongwa:

Habari zenu wakuu, na shikamooni wale wazee mliomo humu. Kuna ubishi umezuka kijiweni kwetu na hauna dalili ya kuisha, nikaona niulete huku kwa wajuvi. Jamaa mmoja kadai kwamba Rashidi Mfaume Kawawa, huyu huyu Simba wa Vita, Waziri Mkuu, Makamu wa Pili wa Rais, mtu wa suti za Chuenlai na sura ya kazi saa zote, eti enzi za mkoloni alikuwa anacheza sinema, tena siyo wale wa kupita pita nyuma, stelingi mwenyewe. Nusu ya kijiwe wakaangua kicheko, nusu wakasema mbona hata wao walishasikia kitu kama hicho kwa wazee.

Kawawa ninayemjua mimi ni wa kwenye vitabu vya shule na ile barabara yake inayotoka Morocco inapita Mkwajuni inaenda Magomeni. Sasa naomba mnisaidie, ni kweli? Na kama ni kweli ilikuwaje mtumishi wa serikali ya mkoloni akaingia kwenye mambo ya sinema, maana miaka hiyo Bongo Muvi hakuna, TV hakuna, nani alikuwa anatengeneza hizo picha? Halafu la mwisho, na hili ndo linanikereketa zaidi, kule kuigiza kulimsaidia kwenye siasa au ilikuwa ujana tu ukapita?

Matusi tafadhali hapana, tunamzungumzia marehemu.

Stelingi_Hauawi:

Kweli kabisa mkuu. Muhogo Mchungu, hiyo ndo picha yenyewe, na nyingine ni Chalo Amerudi. Mwanzoni mwa miaka ya 50 hiyo, TANU haijazaliwa. Wenye nondo wanakuja, mi nawahi siti ya mbele.

Nondo_za_Kale:

Ngoja nishushe taratibu maana hii habari wengi wanaipata nusunusu.

Kawawa kazaliwa Matepwende, Songea ya zamani ambayo sasa ni Namtumbo, Mei 27, 1926, baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Kasoma mpaka Tabora, ile shule ya serikali iliyokuwa inapika makarani wa nchi nzima, baadaye kaja Dar kawa karani wa mahesabu Kazi za Umma, PWD ya wazee, halafu ndo akahamia Idara ya Maendeleo ya Jamii. Hapo ndo pa kushika. Idara hii baada ya vita kuu ya pili mwingereza aliipa kazi nyingi za kuchanganya changanya, kisomo cha watu wazima, vilabu vya akina mama, usafi, michezo ya vijana, na humo humo sinema. Kwa hiyo usije ukafikiri jamaa alitoroka ofisini akaenda kutafuta umaarufu, sinema ilikuwa sehemu ya shughuli za ofisi yake, na yeye alionekana ana kipaji akasogezwa mbele ya kamera.

Picha zenyewe serikali ya Tanganyika iliingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini inaitwa African Film Productions. Kampuni ilikuja na kamera na mafundi, hapa wakatafutwa waigizaji Waafrika wanaozungumza Kiswahili. Waigizaji wa kulipwa mjini hawakuwepo, nani angekuwa nao, hivyo waliochukuliwa ni watu wenye kazi zao nyingine kabisa wanaoweza kusimama mbele za watu bila kutetemeka. Ndo maana wanaosema Kawawa alikuwa mwigizaji wa ridhaa wako sahihi, mshahara wake ulikuwa wa kuhamasisha maendeleo.

Muhogo Mchungu ni kichekesho. Mtu wa shamba anaingia Dar na ushamba wake wote, wajanja wa mjini wanamsubiri kwa hamu. Hadithi nyepesi kabisa lakini fikiria mwaka 1952 au 53, Dar inajaa wageni kutoka Rufiji, Lindi, Morogoro, Songea, kila mtu Kariakoo na Ilala ana ndugu yake ambaye yamemkuta, au yeye mwenyewe yamemkuta na hasemi. Halafu unaona kwenye kitambaa Mwafrika mwenzako anaongea Kiswahili chako anafanya vituko vya mtaa wako. Hiyo ilikuwa kitu kipya jamani. Kumbi zilikuwepo mjini, Avalon, Empire na nyinginezo, lakini kule ni picha za Marekani, Uingereza na India, na bodi ya ukaguzi ilikuwa inaweza kuipitisha picha kwa Mzungu na Mhindi halafu hiyo hiyo ikakatazwa kwa Mwafrika, hasa zile za bastola na ujambazi, eti atapata mawazo mabaya.

Kwa hiyo ubishi wa kijiweni ufungwe, jamaa yako kasema kweli.

Mchokonozi:

Ufungwe wapi, mnaipamba mno hii habari. Semeni na upande wa pili.

Hizo sinema za mkoloni zilikuwa propaganda mwanzo mwisho. Nchi hii ilikuwa maabara yao tangu 1935, wakaweka kambi pale Vugiri milimani Usambara chini ya meja mmoja anaitwa Notcutt na mwenzake Latham, pesa ya shirika la Carnegie la Marekani, mpaka 1937 wametengeneza filamu 35. Mada zake ukizisoma unalala: minyoo ya safura, weka akiba posta, panda kahawa chini ya kivuli cha migomba. Sauti hazimo kwenye mkanda, zimo kwenye sahani ya santuri inachezwa pembeni, ikikosea hatua kidogo mdomo unasema hivi maneno yanasema vile. Na wakuu wao wa sinema wa makoloni walikuwa na nadharia kabisa, kwamba Mwafrika asioneshwe picha inayokatwa katwa haraka, hataelewa, kila kitu kiende polepole na kionekane kizima. Tusi zima hilo limevalishwa utaalamu.

Sasa Muhogo Mchungu ukiitoa vichekesho inabaki nini? Inabaki ujumbe: mshamba wewe, mji si wako, ukija utaumia, rudi ukalime. Na huo ndo wimbo serikali ilikuwa inauimba miaka hiyo, vijana wasiokuwa na kazi Dar walikuwa wanakamatwa na kurudishwa makwao. Polisi anakukamata kwa mkono, sinema inakukamata kwa kicheko. Na aliyekuwa usoni mwa hiyo kazi ni huyo Kawawa wenu. Simlaumu, kazi ni kazi, lakini tusimfanye msanii wa ukombozi.

Binti_Ruvuma:

Kaka Mchokonozi umesema kweli nusu, nusu nyingine umemkopa mkoloni mwenyewe. Yeye ndo alikuwa anaamini Mwafrika akioneshwa kitu anakimeza kama kilivyo, na wewe unaamini hivyo hivyo. Unadhani watu wa Ilala waliangalia wakasema basi tufungashe turudi Mahenge? Walicheka wakaenda kulala, kesho yake wakaendelea na mji wao. Na wengi nina hakika walikaa upande wa wale matapeli siyo wa yule mshamba, maana tapeli ndo mtu wa mjini bwana, ndo anayejua kuongea.

Halafu tofautisha zile za Vugiri na hizi. Zile ni za kufundisha, mtu anaonesha jinsi ya kuchimba choo. Hizi za Kawawa zilikuwa hadithi, zina kisa, zina vituko, watu wanazungumza Kiswahili ndani yake. Serikali ilitaka kuvuta watu na watu walivutika, ila ukishamweka mtu kwenye kisa ana jina na hasira na ujanja wake, tayari huwezi tena kumwambia mtazamaji afikirie nini.

Kwenye swali la mleta mada kama kulimsaidia kwenye siasa, mimi nasema kulimsaidia na nitarudi kulieleza jioni, saa hizi niko kazini.

Pwani_Kwetu:

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu wa Tanzania. Huku kwetu Kawawa twamjua zaidi kwa upande wa vyama vya wafanyakazi, maana yeye na Tom Mboya walikuwa watu wa rika moja la mambo. Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa manispaa ya Nairobi, akaanzia chama cha wafanyakazi wa manispaa hadi akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama Kenya mwaka 1953. Mwaka 1955 akaja Dar es Salaam kuwasukuma wenzake wawe na shirikisho lao, na likaundwa Oktoba mwaka huo huo, katibu mkuu wake wa kwanza ni Kawawa.

Sinema zake sikuwahi kuzisikia kabisa, nashukuru sana kwa uzi huu. Lakini yanipa kuwaza. Wote wawili mkoloni mwenyewe ndiye aliyewaajiri kwenda kuongea na wananchi, mmoja kuhusu uchafu wa vichochoroni mwingine kuhusu maendeleo. Akawalipa wajifunze kuwafahamu watu, kisha akashangaa walipomgeukia.

Na mjue pia Wazungu walikuwa na maigizo yao tena ya kutosha, Nairobi walijengewa ukumbi wa taifa wa maigizo mwaka 1952 na hao waliokuwa wapanda jukwaani mara nyingi ni maafisa na wake zao, wacheza kwa starehe jioni baada ya kazi. Mwafrika akiigiza inaitwa programu ya maendeleo. Mzungu akiigiza inaitwa sanaa.

Kijiwe_Nongwa:

Daah wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba. Sasa naomba mnifungulie hapa, mbona sielewi, huyu mtu ni mtumishi wa serikali, anacheza kwenye picha za serikali, halafu miaka miwili mitatu mbele yuko kwenye migomo ya wafanyakazi dhidi ya serikali hiyo hiyo. Alivukaje? Na TANU aliingia lini maana nilidhani ni mwasisi wa 1954?

Nondo_za_Kale:

Hapo umeuliza swali la maana mkuu.

Mwaka 1953, mwezi wa nane, serikali ilitoa waraka wa kuwapiga marufuku watumishi wa serikali kujiunga na TAA, kile chama kilichokuja kugeuka TANU Julai 7, 1954. Waraka huo uliwabana wasomi karibu wote, kwa sababu Mwafrika aliyesoma angefanya kazi wapi kama siyo serikalini au misheni? Kawawa naye ni mtumishi, hawezi kuchukua kadi. Lakini chama cha kutetea masilahi ya watumishi kiliruhusiwa, kinaitwa TAGSA, cha watumishi Waafrika wa serikali, akaingia huko akawa rais wake. Mlango wa mbele umefungwa kapita dirishani, na dirisha lenyewe kalifungua mwenye nyumba.

TFL, lile shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilipoundwa 1955 akachaguliwa katibu mkuu, na mwaka 1956 akaacha kazi serikalini akawa mtu wa vyama vya wafanyakazi moja kwa moja. Hapo ndo waraka haumhusu tena, akaingia TANU wazi wazi. Kwa hiyo siyo kwamba alikuwa huku asubuhi na kule jioni, kuna siku aliweka mshahara wa serikali mezani akaondoka, na mjue kwa kijana mwenye familia mwaka ule mshahara wa serikali ulikuwa kitu.

Baada ya hapo ni moto. Desemba 1956 wafanyakazi wa majumbani na mahotelini Dar waligoma na wengine wakaungana nao, hebu fikiria boi na mpishi wa bwana mkubwa wote hawajaja kazini. 1958 mgomo wa kiwanda cha bia, TFL ikaitisha kususia bia za chupa na watu wakasusia kweli. Unajua ugumu wa kumwambia mtu aliyetoka kazini jumamosi amechoka asinywe bia? Hiyo huifanyi kwa barua ya ofisi, unahitaji mtu wa kusimama aongee na akasikilizwa. Halafu kumbuka huku yuko kwenye migomo, huku tangu 1957 gavana kashamteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mtu wa nguo mbili hasa.

Binti_Ruvuma:

Nimerudi kama nilivyoahidi, na Nondo kanirahisishia.

Mimi hoja yangu ni hii. Watu wanadhani kuigiza kulimpa Kawawa jina. Jina lilikuwepo kidogo ndiyo, mtu keshaiona sura yako kwenye kitambaa halafu anakuona Mnazi Mmoja umesimama juu ya meza, lazima asogee asikilize. Lakini kikubwa zaidi ni kile Kiswahili. Picha ile ilitakiwa ieleweke na Mmakonde, na Msukuma, na Mzaramo, na mtu wa Bukoba ambaye Kiswahili kakisikia sokoni tu. Mwigizaji hawezi kuongea Kiswahili cha kata kwao wala cha kikarani kilichojaa Kiingereza, anatakiwa aongee taratibu, waziwazi, na mwili wake useme lile ambalo maneno hayajafika. Huyo mtu ukimtoa kwenye kamera ukamweka mbele ya makuli wa bandarini waliotoka makabila yote ya nchi, unadhani atahangaika?

Tena hakuwa peke yake. Bibi Titi Mohamed kabla ya TANU alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma hapa Dar, na alipoambiwa alete wanawake kwenye chama alianzia kwenye vikundi vya ngoma, kule kuna viongozi tayari, kuna utaratibu wa kuitana tayari, na yeye ana sauti ya kuita. Shehe Amri Abedi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, ni malenga na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka 1954. Saadani Kandoro, malenga tena, mtu wa siasa tangu enzi za TAA. Na Mwalimu mwenyewe alimfasiri Shakespeare, tafsiri yake ya Julius Caesar ikatoka 1963. Hawa watu walikuwa wanajua hadhara ni nini. Kulijengwa ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja watu wacheze dansi na kusoma kisomo wasahau siasa, na waliokuwa wanafundishana kuongea mbele za watu ni wale wale.

Sasa linganisheni na mbunge wa leo anasoma hotuba kwenye karatasi na bado anajikwaa.

Mchokonozi:

Dada umeongea vizuri sana na la lugha nakuachia, umenishinda. Ila mnaishia 1958 kila mtu. Endeleeni basi.

Nyerere kajiuzulu uwaziri mkuu Januari 22, 1962, uhuru hauna hata miezi miwili, kamwachia Kawawa. Mwaka huo huo ambao Kawawa ndo Waziri Mkuu, bunge likapitisha sheria ya migogoro ya kazi ambayo ilifanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, na likapitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Mtu wa mgomo wa bia huyo! Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mkonge, mwenzake kabisa kwenye TFL, akapelekwa Sumbawanga akae huko. 1964 TFL yenyewe ikavunjwa ikawekwa NUTA, chama cha wafanyakazi cha serikali.

Na tukirudi kwenye Muhogo Mchungu, kati ya 1972 na 1977 Kawawa ni Waziri Mkuu tena, na ndo miaka ya Operesheni Vijiji, watu wanahamishwa kwa malori. Na huku mjini wasiokuwa na kazi wanakamatwa wapelekwe mashamba, sawa na enzi zile zile za filamu. Miaka ishirini imepita, picha ni ile ile, ila safari hii yeye ndo mwenye kampuni.

Stelingi_Hauawi:

Mwenye kampuni 😂😂 Mchokonozi una roho mbaya.

Nondo_za_Kale:

Hilo la 1962 siwezi kukupinga, sheria zipo na tarehe zipo. Nongeze tu ili mizani isilale upande mmoja, mwaka huo huo wa uwaziri mkuu wake ndo Uafrikanishaji wa vyeo serikalini ulikwenda kasi, watu kama yeye wa zamani, makarani wa PWD, wakaanza kukaa viti ambavyo walikuwa wanavipanguza vumbi. Hilo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinalidai kwa miaka. Mtu aliyetoka kwenye ukarani alijua uchungu wa kufundisha kazi kijana wa Kizungu aliyeshuka melini jana halafu kesho anakuwa bosi wako.

Ila la vijiji hapana, hapo umevuta kamba. Mkoloni alitaka mtu abaki shamba ili mji ubaki safi. Azimio la Arusha na yaliyofuata yalikuwa na mawazo mengine, shule, zahanati, maji karibu na watu. Jinsi ilivyofanyika, malori na mgambo na nyumba kuchomwa, hilo tunaweza kubishana uzi mwingine mpaka asubuhi.

Mchokonozi:

Nyumba iliyochomwa haiulizi mawazo mengine mkuu.

Pwani_Kwetu:

Hahaha haya yamekuwa makubwa. Mimi nataka kurudi nyuma kidogo kwenye sinema yenyewe, hivi huko bara ambako hakuna umeme wala ukumbi watu waliionaje? Maana mwasema ilitakiwa ieleweke na watu wa nchi nzima.

Fundi_Projekta:

Hilo niachieni mimi wajukuu. Sikuwepo enzi za Kawawa stelingi ila miaka ya 70 nilizunguka na gari la sinema la serikali, na mtambo na taratibu zilikuwa zile zile walizoacha Waingereza, hakuna kilichobadilika isipokuwa picha ya kiongozi.

Gari linafika kijijini saa tisa saa kumi za alasiri. Kipaza sauti juu ya gari, unazunguka unatangaza, ukimaliza mzunguko watoto wote wako nyuma yako. Kitambaa cheupe kinafungwa kati ya nguzo mbili au miti miwili, jenereta linawekwa mbali kadiri waya unavyofika maana kelele yake inameza sauti. Projekta ya milimita 16 mezani au nyuma ya gari. Giza likiingia tu unaanza, na wadudu wote wa kijiji wanakuja kwenye taa ya projekta.

Sasa reli ndogo ya mkanda wa picha, futi 400, inakaa kama dakika 11 hivi. Projekta ni moja, kwa hiyo reli ikiisha giza, unabadilisha, na hapo ndo mtangazaji anachukua maiki. Ile nafasi ilikuwa ya thamani kuliko picha. Serikali ilikuwa inapachika mambo yake yote mle, chanjo, kodi, choo bora, na mtangazaji akiwa hodari anawaambia kidogo yanayokuja kwenye reli inayofuata ili wasiondoke. Akiwa mbovu watu wanaanza kupiga miluzi. Mkanda ukikatika unaunga kwa gundi, kila ukiunga unapoteza vipande kidogo, picha iliyozunguka miaka mingi stelingi anakuwa anaruka ruka, yuko mlangoni mara yuko kitandani, na watu wanashangilia wakidhani ni uhodari. Mkanda ukikwama mbele ya taa sekunde chache tu unauona unababuka pale pale kwenye kitambaa, tundu la kahawia linapanuka usoni kwa mtu, akina mama wanapiga kelele.

Na kitambaa kina pande mbili. Wazee na wenye vyeo upande wa projekta, watoto na waliochelewa upande wa pili wanaona kinyume, stelingi anakuwa wa mashoto. Hawalalamiki.

Kuhusu ubishi wenu wa propaganda, nawaambia nilichokiona. Tulikuwa na picha ya afya na picha ya kuchekesha usiku mmoja, agizo la ofisi lilikuwa ya afya ianze na ya kuchekesha iwe mwisho, ili watu wasikimbie. Watu walikuwa wanaijua hiyo njama kuliko sisi. Wanafika nusu yao wamechelewa makusudi. Na ikiisha ya kuchekesha hawaondoki, wanataka irudiwe, wazee wanakuja na kuku wakitubembeleza irudiwe, na tumerudia sana mpaka mafuta ya jenereta yanaisha. Ya minyoo hakuna kijiji hata kimoja kilichoomba irudiwe.

Binti_Ruvuma:

Shikamoo mzee Fundi Projekta. Kwa hiyo kama Muhogo Mchungu ilizungushwa kwa utaratibu huo huo, ina maana Kawawa alikuwa anasubiriwa mpaka mwisho wa usiku?

Fundi_Projekta:

Marahaba mwanangu. Picha ya hadithi haiwekwi mwanzo, ukiiweka mwanzo umeharibu kazi ya serikali, watu wataondoka kabla ya choo bora. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikutana na madereva wakongwe walioanza kazi kabla ya uhuru, na walikuwa wakimsikia Kawawa redioni akiwa Waziri Mkuu wanatania, "Reli ya mwisho hiyo, kaeni."